Picha Haikuonyesha Kitu

Bugando walinipiga picha mara mbili,
wakaiinua kwenye mwanga kama noti inayoshukiwa.
"Mama, pingili zako zimekaa sawa."
Nikapewa vidonge kumi na vitano
na ushauri: usibebe vitu vizito.
Nikacheka. Daktari hajui ninakokaa.

Ninakaa Bugarika, juu, mawe yalikopandana,
ngazi mia moja na arobaini na mbili,
tisa za saruji, zilizobaki ni jiwe na ujasiri.
Bomba linaishia kwa jirani wa chini.
Maji tunayaona mlangoni, ziwa zima,
linameremeta hadi macho yanauma,
ila hayajui kupanda.

Basi ndiyo nimekuja Mtaa wa Rufiji, ghorofa ya pili,
kwa mtu anayenyoosha migongo.

Benchi limejaa. Tumekaa upandeupande,
kila mtu kaegemea nyonga isiyomsumbua.
Kapela, mpakiaji wa dagaa pale mwaloni Kirumba,
Mnyamwezi wa Urambo, anasema ile methali ya mzigo mzito
ilitungwa na watu waliokuwa wamekaa.
Mwalimu Nyanzobe ana madaftari tisini kila jioni;
shingo imekataa kugeuka kushoto,
na darasa limeshagundua:
watundu wote wamehamia kushoto.
Kijana wa bodaboda hasemi kilichomleta.
Anahesabu vigae vya sakafu, anatoka jasho.

Na Bi Leokadia wa Ukerewe, ambaye haumwi.
Anakuja kila mwisho wa mwezi, kavaa vizuri.
"Mgongo wangu mzima kabisa," anasema,
"lakini tangu mzee afariki,
nani mwingine ataniwekea mkono
pale nisipofika mwenyewe?"
Hakuna aliyecheka.
Kapela alisogea kidogo, akampa nafasi ya kuegemea ukuta.

Shuleni tuliimbishwa:
kilimo ni uti wa mgongo wa taifa.
Hatukuambiwa taifa likishikwa na kiuno
linapanga foleni wapi.

Zamu yangu.
Jina lake Lubango, mfupi, viganja kama vya mfinyanzi.
Sikuvua picha kwenye bahasha; hakuiulizia.
"Tangu lini?"
"Tangu masika. Ndoo."
Vidole vikashuka taratibu, pingili kwa pingili,
kama mtu anayepukuchua gunzi gizani,
vikapita, vikarudi, vikasimama.
"Hapa ulibeba nini?"

Hakuuliza kama panauma. Aliuliza nilibeba nini.
Uso wangu ulikuwa ndani ya tundu la kitanda,
naona viatu vyake tu, kimoja kimeshonwa kwa uzi wa nyavu,
na nikaviambia vile viatu:
mama.

Usiku ule gari la wagonjwa liliishia chini,
taa zinazunguka, dereva anatazama mawe juu.
Nikamfunga mgongoni kwa kitenge,
nikashuka ngazi mia moja na arobaini na mbili
naye akiniomba radhi sikioni kwa uzito wake.
Hakuwa na uzito wowote.
Alikuwa mwepesi kuliko ndoo.

Lubango hakusema pole. Alisema, "Vuta pumzi. Itoe."
Mgongo ukalia *ko*,
kama karanga kavu chini ya kisigino,
nami nikalia vilevile, kwa sauti,
mpaka yule kijana wa bodaboda kule nje
akabadili mawazo, akateremka.

Elfu ishirini. Nikalipa.
Sijui kama nimepona.
Usiniulize kuhusu mishipa na mifupa, sikusomea;
ninachojua, picha mbili hazikuonyesha kitu,
na mkono mmoja ulipajua mahali.

Asubuhi nilipanda na ndoo nusu,
nikapumzika kwenye ngazi ya sabini, nikalitazama ziwa.
Nusu nyingine
niliifuata baadaye.